Ufa Ubavuni mwa Tanuri

Wapendwa, asubuhi hii twendeni kwa mchoma mkaa mmoja, baba wa binti aliyekuwa karibu kuolewa.

Upepo ulikuwa umemwangushia mkorosho wake mkubwa. Hakulia. Alisema, "Mkaa wa pilau ya harusi huu hapa!" Akakata magogo, akayapanga, akayafunika kwa majani, akayafukia kwa udongo, akatia moto ndani. Mnaoijua kazi hii mnajua: kuliwasha tanuri si kazi, kazi ni kulilinda. Udongo hukauka, hupasuka, nawe unazunguka na koleo, unaziba hapa, unaziba pale. Hewa ikiingia, gogo haliwi mkaa. Linakuwa jivu.

Alasiri jirani yake akamwita kutoka kibarazani. "Mzee wa moshi! Njoo tucheze bao. Au umelioa hilo tanuri?"

"Kuna ufa ubavuni. Ngoja niuzibe."

"Ufa gani? Moshi wenyewe haumkohozi hata nzi! Bao moja tu."

Bao moja tu. Wapendwa, nani hapa hajawahi kuisikia sauti hiyo?

Akaenda. Na alicheza vizuri, jamani! Kete zilimtii. Akashinda la kwanza, wakaanza la pili, akawa anashinda tena, jirani anakuna kichwa. Hapo akainua macho, akaona moshi wa tanuri umenenepa. Kiganja kimejaa kete. Mchezo umenoga. Wewe ungefanya nini?

Akaziacha kete, akasimama.

"Unakimbia huku unashinda?" jirani akacheka. "Au shemeji kakukonyeza?"

"Cheka tu, ndugu yangu. Nitakujibu siku ya harusi."

Alikuta ufa umekuwa tobo la kupitisha kichwa cha mbuzi. Akafukia kwa udongo mbichi, jasho likimtiririka mpaka kidevuni. Tanuri lilipofunguliwa, upande ule ulitoa jivu la kujaza karai. Kwingine kote, mkaa mweusi, mgumu, ukiugonga unalia kama chuma.

Siku ya harusi jirani yule alirudia sahani ya tatu. "Pilau hii! Mmetia nini humu?"

Baba wa bibi harusi akamwinamia sikioni. "Lile bao nililokuachia. Ndilo hilo unalotafuna."

Sasa sisi. Mungu hakutuumba bila moto. Hamu ya kula, ya kupenda, ya kushinda, ya kucheka na wenzetu: moto huo ni wake, wala hajatuagiza tuuzime. Tanuri lililozimwa halitoi mkaa. Anachotutaka ni tuzibe nyufa. Glasi moja tu. Umbea kidogo tu. Simu dakika mbili tu, huku mtoto amesimama mbele yako akisubiri umtazame. Ufa hauombi mlango, wapendwa. Unaomba pumzi.

Na wewe unayesema umechelewa, upande mmoja umeshakuwa jivu? Usikae kulilia karai. Yule baba naye alichelewa, na watu walikula wakashiba.

Kwa hiyo leo, bao likiwa limenoga, simama. Watakucheka. Waache wacheke, kisha uwawekee sahani.