Zimwi Lililowala Waongo

Sikilizeni, jamaa zangu. Ilikuwa Alhamisi, mwezi pili Rajabu, baada ya alasiri, siku aliyozikwa Shomari. Mjane wake, Mwanakheri, alikuwa akiomboleza uani. Ghafla zimwi mla waongo likatokea, likamkamata bintiye.

"Umeongopa mara tatu, mama! Umesema Shomari alikuwa kama mnazi. Makuti yake yako wapi?"

"Nimemfananisha kwa urefu tu. Hiyo ni tashbihi."

"Umesema alikuwa nguzo. Tangu lini nguzo ikala ugali?"

"Hiyo ni sitiari. Sote tulimwegemea."

"Umesema nyumba inamlilia. Nyumba ina macho?"

"Nimeipa nyumba moyo wa mtu. Hiyo ni tashihisi. Mwachie mwanangu."

"Simwachii! Njaa inaniuma."

Mwanakheri hakurudi nyuma hata hatua moja. "Inakuuma? Basi tuonyeshe meno yake, bwana mkubwa."

Zimwi likayatafuta, likayakosa. Na kwa kuwa halikuwa likimsamehe mwongo yeyote, likajitafuna kuanzia mkiani, likaisha. Binti akamkimbilia mamaye.

Ngano yangu imefika mwisho wake. Mwenyezi Mungu amrehemu Shomari, na mke wangu tuliyemsitiri juzi, na marehemu wenu wote. Amina.