Bei Iliyoanguka Gulioni

Hapo zamani, alizeti ilipokuwa mali na neno la jirani likiwa mali zaidi, palikuwa na mji wenye kiwanda chake cha kukamua mafuta. Wenyewe walichanga, wenyewe wakagawana hisa. Kila siku ya gulio hisa ziliuzwa hadharani. Watu wakizitaka, bei hupanda. Wakiingiwa na shaka, hushuka. Mwaka huo hisa moja ilinunua ng'ombe mzima.

Msengi, mkulima mpole, alikuwa na hisa nyingi kuliko wote. Mwanawe akapata binti wa kuposa, na posa haiendi mikono mitupu. Msengi akauza hisa zake zote. Rafiki yake Kitundu akashtuka.

"Ndugu yangu, kulikoni? Kiwanda kina nini?"

"Hakina kitu. Nina mambo yangu tu."

Angesema nini zaidi? Kwao posa haitangazwi kabla haijakubaliwa, wenye vijicho wasije wakaiharibu. Akanyamaza, ingawa moyo ulimwuma.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, Kitundu akajiambia. Akauza zake. Kisha, kwa huruma, akawanong'oneza ndugu zake. Ndugu wakauza. Majirani wa ndugu wakauza. Ng'ombe akawa mbuzi, mbuzi akawa kuku.

Wakamkimbilia Salome, meneja wa kiwanda. "Dada Salome, tuambie ukweli, tumekwisha?"

Salome alijua fika kuwa ghala limejaa na faida ni nono. Lakini kanuni yao ilisema habari za faida hutolewa mbele ya wote, siku ya mkutano mkuu. "Subirini mkutano," akasema.

Wao wakasikia tanzia. Kuku akawa yai, na kwa bei ya mayai mfanyabiashara wa mbali akazizoa hisa zote. Mkutano ulipofika, Salome aliisoma faida mbele ya mtu mmoja. Wenye mji walisikilizia dirishani.

Posa ilikubaliwa. Siku ya harusi Msengi aliwatazama wageni wake, chakula kikamshinda.

"Laiti ningalimwambia Kitundu neno moja tu," akasema. "Nilichunga harusi, nikapoteza mji."

"Wewe uliuza chako kwa haja yako," Kitundu akajibu. "Mimi nilieneza nisilolijua. Lakini ningenyamazaje, nikidhani ndugu zangu wanaangamia?"

Salome akainamisha kichwa. "Ukweli nilikuwa nao mimi. Ila ningewaambia wachache, wangenunua hisa za wasiojua kwa bei ya chini. Hiyo nayo si dhuluma?"

Mke wa Msengi akaweka sahani chini. "Na sisi wengine? Tulipita mlangoni pa kiwanda, tukasikia mashine zikinguruma, tukaenda kuuza."

Msengi alizeeka akijihukumu peke yake, na kila msimu aliipeleka alizeti yake kwa mgeni, pale pale palipokuwa pake.

Haya, mliokaa kunisikiliza, mtueni mzigo huo au mwachieni: je, nani aliyeiangusha bei?