Kwa Nini Pundamilia Hunywa Maji Watu Wakishaondoka

Enzi hizo, kabla ya mwiba wa kwanza kuwekwa kisimani, pundamilia hawakumkimbia mtu. Uwanda wa Nkaroni haukuwa na mwenyewe. Ng'ombe wa kila boma walilisha humo, mbuzi nao, na pundamilia katikati yao, na jioni wote waliteremkia mto wa mchanga. Kiangazi maji ya mto ule yalilala chini ya mchanga, na watu waliyafuata kwa kuchimba visima. Mtoto aliyetumwa kuteka alimsukuma pundamilia kwa kiwiko kama anavyomsukuma ndama wa kwao, akajaza kibuyu, akaenda zake.

Nasieku alikulia katika maisha hayo. Hata alipokuwa mjane mwenye mvi na mbuzi wachache, aliwajua pundamilia wa mto ule mmoja mmoja kwa michirizi yao, na alipowapita asubuhi aliwasalimu kama majirani.

Kisha mvua zikakataa. Zilikataa msimu mmoja, zikakataa na wa pili, ng'ombe wakaanza kuanguka malishoni. Wanaume wakakaa kikao. Leseita, kaka yake Nasieku, ndiye aliyesikilizwa kuliko wote. Alisema nyasi na maji havitoshi tena, na pundamilia hawakamuliwi, basi na waondolewe. Wengi wakaafiki.

Nasieku akasimama mbele yao, jambo ambalo wanawake hawakuwa na desturi ya kulifanya.

“Kaka,” alisema, “mama alituambia wazee wake walipofika hapa waliwakuta hawa. Sisi ndio tuliopokewa. Leo mgeni amfukuze mwenyeji?”

Leseita hakumkaripia. “Dada yangu, watoto wanalia njaa,” alimjibu. “Huruma nayo haikamuliwi.”

Kesho yake visima vilizungushiwa matawi ya miiba, na vijana wenye fimbo na mbwa wakawaswaga pundamilia hadi ng'ambo ya vilima. Nasieku alisikiliza milio yao ikififia, kisha akaingia ndani akajifunika shuka. Asubuhi zilizofuata alijikuta akifungua kinywa kusalimu, na mbele yake pana vumbi tupu.

Maji hayakuongezeka. Visima vilipungua, vikawa tope, vikakauka. Wanaume walichimba huku na huku mpaka wakagonga mwamba.

Ndipo mchana mmoja pundamilia jike akarudi na mtoto wake, wamekonda mbavu zinahesabika. Vijana wakaokota fimbo, mbwa wakatangulia. Nasieku, aliyekuwa akichunga mbuzi ukingoni, aliteremka akasimama katikati. Mbwa waliirarua shuka yake, hakusogea.

“Mkitaka kumpiga huyu, anzeni na mimi,” alisema.

Leseita alifika mbio. Akamtazama dada yake, akawaita mbwa warudi.

Jike yule akapita kando yao, kichwa chini, akinusa mchanga. Alifika kwenye kona ambayo hakuna aliyewahi kuichimba, akaanza kupara kwa kwato. Alipara, akapumzika, akapara tena. Mchanga ukawa mweusi, kisha maji yakachuruzika na kujaa shimoni. Lakini hakunywa. Alisimama akiwatazama watu, mtoto amejibana nyuma yake. Nasieku alimwita kwa sauti ile aliyomzoesha, akapiga hatua moja. Jike akarudi nyuma.

Hapo Nasieku akafahamu ni nini kilichopotea.

“Twendeni,” alimwambia kaka yake. “Hatakunywa tukiwapo.”

Leseita aliwaondoa vijana wote, wakapanda ukingo, wakageuza migongo. Wakamsikia nyuma yao akinywa.

Jioni ile Leseita aling'oa miiba ya visima kwa mikono yake mwenyewe mpaka ikamtoka damu. Watu wakanywa katika shimo la jike, ng'ombe wakanywa, na siku zilizofuata pundamilia wengine wakarejea kutoka vilimani. Nasieku aliishi miaka mingi baadaye, akiwangoja ukingoni. Walimwona kwa mbali, wakasimama, wakangoja aondoke.

Na tangu siku hiyo, wafugaji wa Nkaroni hunywesha mifugo mchana, na jua likielekea kuzama huviacha visima wazi wakaenda zao. Pundamilia huja baada yao. Alfajiri wanawake wakishuka kuteka hukuta kwato zimechapwa kwenye mchanga mbichi, na wakongwe miongoni mwao huinama wakaweka kiganja juu ya nyayo hizo kabla ya kujaza vibuyu.