Mayai ya Bi Kanga kwenye Wingu la Fisi

Haya, sogeeni. Simu mfukoni, masikio huku. Aliyeshiba asilale, na mwenye njaa asininunie, si mimi niliyepika.

Mwaka huo mvua ilinyesha vizuri nyikani. Nyasi zilifika kifuani, mto ulijaa, na ungedhani hakuna wa kulalamika. Lakini wanyama nao siku hizi wana simu, na ukame wa mwaka huo uliingia humo ndani ya simu. Nafasi ilikwisha. Ukitaka kupiga picha, imejaa. Ukitaka kupokea salamu za shangazi, imejaa. Ngiri alifuta picha za harusi yake ili apate nafasi ya kupiga picha ya tope, na mkewe hakusema naye mpaka tope lilipokauka.

Aliyeumia zaidi ni Bi Kanga. Huyu ni mtu wa wasiwasi, ndivyo alivyoumbwa, na msimu uliopita moto wa nyika ulimchomea kiota chote, usibakize hata yai moja. Safari hii alitaga chini ya kichaka cha mkole. Kila jua linapofika utosini na kiu ikamzidi, kabla ya kwenda mtoni, aliyapiga mayai picha. Akirudi analinganisha picha na kiota. Vikifanana, moyo unatulia. Kwa hiyo simu yake ilijaa mayai, mayai, mayai tupu, na kufuta hata picha moja hakuweza.

"Nimfute mwanangu?" alisema. "Thubutu!"

Basi ikabidi atafute wa kumtunzia. Alianza kwa Bi Kobe, mwenye ghala dogo la kuhifadhi picha kule bondeni.

"Shikamoo, Bi Kobe."

"Marahaba. Mchicha uko wapi?"

"Mchicha gani?"

"Ninaokula," alisema Bi Kobe. Alikuwa hana mbwembwe, na wateja hakuwa nao pia. "Kwangu nafasi ni ndogo. Picha zinaingia polepole, kama nilivyo mwenyewe. Kila mwezi unaleta kapu la mchicha. Na kabla hujazileta, unazifunga kwa neno lako la siri. Mimi silijui na sitaki kulijua. Ukilisahau usije kunililia hapa, maana hata mimi sitaweza kufungua."

"Kapu zima!" Bi Kanga alimaka. "Bwana Fisi anatunza bure!"

Bi Kobe alitafuna, akameza. "Mimi nakula mchicha wako. Fisi anakula nini?"

"Hayo ni yake na tumbo lake," alijibu Bi Kanga, akaondoka akitikisa mabawa.

Fisi hakuwa na shida ya wateja. Alisimama juu ya jiwe mbele ya pango lake, akipaza sauti mpaka ng'ambo ya mto: "Wingu la Fisi! Nafasi haina mwisho! Weka picha, weka sauti, weka chochote! Bure!" Kisha kwa haraka, kwa sauti ya mtu anayekohoa: "Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Bi Kanga alitazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe.

"Wingu lenyewe liko wapi?"

"Humu pangoni, shemeji."

"Wingu pangoni?"

"Ndiko linakolala," alisema Fisi, akamnyooshea masharti yaliyokuwa marefu kuliko ulimi wake. "Soma ukipenda. Wenzako wote wamebonyeza tu hapo chini, palipoandikwa Nakubali. Hata Mfalme Simba kabonyeza."

"Na hutazichungulia picha zangu?"

Fisi aliweka mkono kifuani kama mtu aliyetukaniwa wazazi. "Mimi, shemeji? Naapa kwa mifupa ya mama yangu."

Bi Kanga akaridhika, akabonyeza. Hakukumbuka kwamba mifupa hiyo Fisi alishaitafuna mwaka wa njaa.

Tangu hapo kazi ikawa nyepesi. Bi Kanga akipiga picha, inakwenda yenyewe pangoni, wala hana haja ya kugusa kitu. Alifurahi mpaka akapita makusudi mbele ya ghala la Bi Kobe, akiimba.

Sasa nami niseme haki ya Fisi, msije mkasema namwonea. Alijizuia kuchungulia. Alijizuia mpaka Bi Kanga alipopinda kona. Ndipo akafungua. Akaona mayai, meupe, manene, yamelala pamoja. Akaona kichaka cha mkole, na nyuma yake jiwe lenye ufa. Jiwe hilo alilijua. Alimeza mate, akafunga, akafungua tena.

Halafu akagundua jambo jingine. Kila picha ilipoingia pangoni, haukupita muda Bi Kanga alionekana akiteremka mtoni. Fisi si mwepesi wa kufikiri, lakini kwa mambo ya chakula akili yake haina mfano. Picha ikiingia, maana yake mama ametoka. Ilikuwa sawa na kugongewa kengele ya chakula cha mchana.

Siku iliyofuata Bi Kanga alirudi kutoka mtoni, akatoa simu alinganishe. Kwenye picha mayai yalijaa kiota. Kwenye kiota kulikuwa na maganda.

Alilia, jamani. Alilia mpaka nyani wakateremka mitini kuuliza kuna nini. Alipekua majani kwa makucha, na chini kabisa, pembeni, akakuta yai moja lililobiringika likajificha. Moja tu. Alilikumbatia kifuani.

"Ni kenge huyo," walisema majirani.

Fisi alikuja kutoa pole. Alikuja na mkewe, wakakaa, wakainamisha vichwa. "Pole sana, shemeji," alisema Fisi, akijifuta mdomo. "Lakini mshukuru Mungu. Picha zipo."

Bi Kanga alilichukua yai lake, akalibana kwapani, akahama. Alikwenda mbali, nyuma ya kichuguu kikubwa, katikati ya miiba ambayo hata nyoka angefikiri mara mbili. Hakumwambia mtu. Hata mumewe hakumwambia, kwa kuwa mumewe ana mdomo. Alilala juu ya yai siku ile, na kesho yake, mpaka kiu ikamkausha ulimi. Jua lilipofika utosini alisimama, akatoa simu, akaielekeza kwenye yai.

"Ebo! Unafanya nini?"

Sungura alikuwa amesimama nje ya miiba. Alikuja kujificha kwa sababu zake, ambazo si za leo.

"Nataka kwenda kunywa maji. Napiga picha kwanza, nikirudi nijue kama limeguswa."

"Ngoja. Kiota chako cha kwanza nani alikijua?"

"Hakuna."

"Na saa zako za kwenda mtoni?"

"Hakuna! Mimi napiga picha, naondoka."

"Na picha inakwenda wapi?"

"Kwa Bwana Fi..." alisema Bi Kanga, akaishusha simu. Halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Aliapa, Sungura. Kwa mifupa ya mama yake!"

"Mifupa ipi? Ile aliyoila?"

Bi Kanga alikaa juu ya yai kwa kishindo kidogo.

Sungura hana huruma nyingi, tusidanganyane. Ila ana kinyongo cha zamani na Fisi, na kinyongo cha Sungura hakiozi. Yeye mwenyewe hakuwa na picha kwenye wingu la mtu yeyote, kwa sababu mambo anayoyafanya Sungura hayafai kupigwa picha. Alimletea Bi Kanga maji kwenye kibuyu, kisha akasema, "Niazime simu yako mpaka kesho. Tutajua kama ni kenge."

Asubuhi alikwenda kwa Simba, kwenye Mwamba Mweupe. Simba alikuwa amelala kando ya pundamilia mzima aliyemwinda alfajiri.

"Mfalme, huko chini wanasema huwindi tena, unangoja kupakuliwa na wake zako."

Simba alifumbua jicho moja. "Nani anasema?"

"Watu. Nipe ruhusa niipige picha nyama hii, niwafunge midomo."

Simba aliinuka, akatikisa manyoya ya shingo, akageuza uso upande wake mzuri. Kwa maoni yake pande zote zilikuwa nzuri, lakini alikuwa na chaguo. Sungura alizima kwanza mtandao wa simu, picha zisiende pangoni kabla ya wakati, akapiga. Kisha akapiga nyingine, ya nyama peke yake.

"Mbona hiyo mimi simo?"

"Ukiwamo, Mfalme, nani ataitazama nyama?"

Simba aliona neno hilo ni la kweli, akarudi kulala kivulini nyuma ya mwamba. Sungura alifuta picha ya Mfalme, akabakiza ya nyama, akaandika chini yake: "Nyama ya Simba. Mwenyewe kaenda mtoni na ukoo wote, watarudi jioni." Hakumtumia mtu. Kisha akazunguka nyikani akiwaambia wanyama waje wajifiche kwenye nyasi kando ya mwamba, na wasipige kelele. Bi Kanga alikuja na yai kwapani. Bi Kobe naye alialikwa, akaanza safari. Wenzake walipotulia kwenye nyasi, Sungura akawasha mtandao, na picha ikaingia yenyewe pangoni, kwenye hifadhi ya Bi Kanga.

Hawakungoja sana. Fisi alitokea mbio, mdomo wazi, ulimi nje. Hakunusa upepo, hakutazama kulia wala kushoto. Alijitupa juu ya paja la pundamilia, akazamisha meno.

"Fisi," ilisema sauti nyuma ya mwamba.

Fisi aliganda na mnofu mdomoni. "Shi... shikamoo, Mfalme."

Simba alitokea akipiga miayo. "Mimi nikikohoa tu, wewe unalala na njaa kwa woga. Leo umekuja mchana kweupe, umeingia moja kwa moja. Nani alikwambia sipo?"

"Nilikuwa napita tu, Mfalme."

"Nani alikwambia?" Simba alisogea hatua moja.

Fisi aliona mauti yanamtazama. Akatafuta wa kumsukumia. "Kanga! Ni Kanga, Mfalme! Yeye ndiye aliyeandika kwamba umekwenda mtoni!"

Bi Kanga alichomoka kwenye nyasi. "Mimi nilikuandikia lini?"

"Si uliandika kwenye picha!"

"Picha niliyokutumia wewe?"

"Uliyoi..." Fisi alimeza mnofu bila kutafuna. "Uliyoiweka kwangu."

Kwenye nyasi vichwa vikaanza kuchomoza, cha Ngiri, cha Nyati, cha Twiga ambacho kilikuwa kimechomoza tangu mwanzo.

"Mayai yangu uliyala wewe!" Bi Kanga alipiga ukelele uliopasuka katikati. "Ukawala wanangu, ukaja kunipa pole! Ukakaa kwangu, ukaniambia picha zipo!"

Fisi akamgeukia mwenye nguvu. "Mfalme, mimi ni mtu wako. Zako nimezitunza kuliko za wote! Hata ile uliyolowa mvua, manyoya yamekulalia umefanana na paka, sijamwonyesha mtu. Isipokuwa mke wangu. Na mashemeji zangu."

Nyama Simba angeweza kuisamehe. Pundamilia wako wengi. Lakini mahali fulani kwenye nyasi mtu alijaribu kuzuia kicheko, kikamtoka puani.

Simba alinguruma mpaka majani yakapukutika. Kofi lake lilimpata Fisi kiunoni, likambiringisha hadi chini ya mwamba. Fisi aliinuka, akafyata mkia, akakimbia akichechemea kwa miguu ya nyuma, na kiuno hicho hakikunyooka tena mpaka leo. Ukimwona anavyotembea, usimcheke sana. Au mcheke, shauri yako.

Wanyama walikwenda pangoni, kila mmoja akachukua vyake na kufuta alivyoviacha. Simba alitangulia na hakumruhusu mtu kuingia mpaka alipomaliza. Kisha wakachuma mchicha, wakashika njia ya bondeni, na humo njiani wakakutana na Bi Kobe, ndiyo kwanza anafika nusu ya safari yake kwenda mwambani. Kila mmoja alikuwa na kapu la mchicha.

"Nimechelewa?" aliuliza.

"Yamekwisha," alisema Sungura.

"Basi wekeni mchicha chini. Mmoja mmoja. Tena polepole."

Zamu ya Bi Kanga ilipofika, Bi Kobe hakumkumbusha lolote. Aliuliza tu, "Umeshafunga kwa neno la siri?"

"Nimefunga."

"Ni neno gani?"

Bi Kanga alimtazama. "Sikwambii."

"Vizuri," alisema Bi Kobe, akapokea kapu.

Yai lile moja lilipasuka asubuhi ya mvua. Akatoka kifaranga amelowa, mwenye shingo nyembamba na sauti kubwa ya mama yake. Sungura alikuwapo, kwa sababu zake, na akasema, "Haya, piga picha!"

Bi Kanga alitoa simu, akainua. Akaiona miiba, akakiona kichuguu nyuma yake, akaona jinsi mtu yeyote angepajua mahali hapo. Akairudisha simu chini ya bawa.

"Nimeshamwona," alisema, akainama kumkausha mwanawe.

Yangu ndiyo hayo, simu zenu mnaweza kuzitoa. Ila mtu akikwambia atakutunzia vitu vyako bure, usiulize ana nafasi kiasi gani. Muulize anakula nini, kisha nenda kahesabu mayai yako.