Picha Chini ya Unga

Hapo zamani, si ile ya sungura kusema, ni ile ya watu kuambiwa wanyamaze, katika mji mmoja wa Hungaria kando ya mto Danubi, aliishi mchoraji aitwaye Etelka. Wenziwe walichora farasi, nawe ukamjua farasi. Etelka alichora duara, mraba na mstari, na rangi zilizogombana hadi zikapatana. Alisema ndivyo furaha inavyoonekana ukifumba macho.

Serikali ya wakati ule haikutaka furaha ya kufumba macho. Ilitaka matrekta na vibarua wanaotabasamu. Wakaguzi wakapita nyumba kwa nyumba, na miongoni mwao alikuwamo Dezso, aliyesoma uchoraji darasa moja na Etelka. Wakazikusanya uani turubai zake zote, yaani vitambaa alivyochorea, na Dezso mwenyewe akawasha kiberiti.

Etelka akabaki hana turubai, na dukani wamekatazwa kumuuzia. Chakula kikawa hakipiti. Mama mkwe wake, Mama Rozalia, hakuzipenda kamwe picha zile. Alizoea kusema hata kuku angezikimbia. Lakini siku moja alitoka jikoni na ubao mpana wa kukandia unga, aliopewa na mama yake alipoolewa.

"Chora, mwanangu," alisema. "Unachochora sikielewi, lakini unavyokonda nakuona."

Etelka akachora upande wa chini wa ubao, akiimba. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kuchora, naye alijua. Buluu haijakauka, mlango ukagongwa. Wakaguzi wamerudi.

Mumewe, Lorinc, mwanamume asiyejua hata kuchemsha maji, akaulaza ubao mezani, picha chini, akamwaga unga, akavunja mayai, akakanda tambi. Alijaa unga mpaka nyusi. Wakaguzi walicheka hadi mbavu zikauma.

Dezso hakucheka. Alipitisha kidole chini ya ukingo wa ubao, kikatoka na buluu. Etelka alikiona kidole kile. Dezso akakichovya kwenye unga, rangi ikafichika.

"Twendeni," akawaambia wenzake. "Hapa pana tambi tu."

Kesho yake, kwenye nyumba nyingine, Dezso alishindwa kuwasha kiberiti cha kuchomea picha. Akafukuzwa kazi, akaishia kubeba makaa ya mawe. Lorinc naye, ili ubao usishukiwe, aliendelea kukanda mwaka hadi mwaka, na walevi wa mji wakambatiza Bibi Lorinc.

Hakuna marefu yasiyo na ncha. Serikali ile ikaanguka, na picha ikatundikwa katika jumba kubwa la sanaa la mji mkuu. Loo, watu walipanga foleni kwenye theluji, wakizunguka mtaa mzima! Watoto walisimama mbele ya ile buluu, wakafumba macho, wakatabasamu. Etelka, kichwa kimejaa mvi, alilia kwa furaha wala hakujificha.

Wenye jumba wakamwambia, "Mama, ipe jina. Liwe moja tu, kibao cha jina ni kidogo."

"Nitaipa jina la mtu ambaye bila yeye isingekuwepo," akajibu.

Mama Rozalia, sasa kikongwe, akagonga mkongojo. "Basi ni langu. Nilitoa bila kuombwa, tena kwa kitu nisichokipenda. Bila mimi ungechora hewani."

"Mama, ubao wako ungekuwa majivu," akasema Lorinc. "Wewe ulitoa siku moja. Mimi nimekanda na kuchekwa mpaka nikazeeka. Bila mimi hakuna picha."

Dezso alikuwa nyuma kabisa, kofia mkononi. "Nilichoma, sikatai," akasema. "Lakini unga wako haukunidanganya, Lorinc. Nyie mlimwokoa mtu wenu. Mimi neno moja tu lingenipa cheo, nikalimeza, nikapoteza kila kitu. Bila mimi hakuna picha."

"Mchomaji apewe jina?" Lorinc akafoka.

"Mwache," akasema Mama Rozalia. "Ya kwake ni kweli."

Etelka akachovya brashi kwenye buluu, akakisogelea kibao. Aliwatazama wote watatu, na wote aliwapenda, hata yule wa kiberiti.

Haya, nyie hodari wa kukata mashauri, msiniambie aandike yote matatu. Jina ni moja, na brashi imeshainuliwa. Je, nani alistahili: aliyetoa asichokielewa, aliyekanda akichekwa, au aliyechoma zote akaiachia moja?