Mlango wa Skolastika

“Ukuta wenye kovu hautaki mng’ao.” Mmeusikia msemo huo leo, wanangu, mkauliza chanzo chake. Ulianza hivi.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe nne Juni 1988, asubuhi ya ukungu mzito milimani Usambara. Remigi alikuwa akiwasubiri wanajumuiya waje kusali kwake, kisha waamue shauri lake na dada yake. Skolastika alifiwa na mume, akarudi na wanawe kuomba chumba alichojengewa na marehemu baba yao. Alisema mlango wake ulikuwa sebuleni. Remigi alikana: sebule haijapata kuwa na mlango huo. Kumbe aliuziba mwenyewe kwa matofali, akapiga lipu juu yake, na chumba akakifanya ghala la mahindi.

Wiki hiyo alimwita fundi Hizza apake rangi. Hizza aliupapasa ukuta.

“Kaka, hapa pana mshono. Tupake rangi ya maji isiyong’aa, inameza mabonde. Ukuta wenye kovu hautaki mng’ao.”

“Nyumba ya sala lazima ing’ae. Paka ya mafuta.”

Katika ukungu ule ukuta ulionekana laini, na Remigi akapiga magoti moyo ukiwa umetulia. Walipokuwa katikati ya Baba Yetu, ukungu ukapasuka. Jua likaingia kwa upande wa dirisha, likatambaa ukutani. Remigi akafumbua macho. Juu ya mng’ao ule mlango ulikuwa umesimama: miimo miwili na kizingiti, kila ukingo na kivuli chake. Sala ilipofika “utusamehe makosa yetu,” sauti zilikatika moja baada ya nyingine.

“Remigi, mwanangu,” alisema Mama Paskalina, kiongozi wa jumuiya, “kile ni nini?”

“Ni rangi, mama. Haijakauka vizuri.”

“Rangi yenye kizingiti sijapata kuiona.”

Skolastika aliinuka, akaweka kiganja kwenye mwimo wa kushoto.

“Hapa ndipo baba alipokuwa akinipimia kimo, kaka. Umesahau?”

Remigi hakuwa amesahau. Akashika kiti, akasimama.

“Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote,” alisema, “kesho tukitoka misa nitaubomoa ukuta huu kwa mikono yangu, na dada yangu atalala chumbani kwake na wanawe. Fundi aliniambia nikampuuza: ukuta wenye kovu hautaki mng’ao.”