Jirani Aliyesema Hajaona

Kaeni vizuri, ndugu zangu. Wale wa nyuma sogeeni, viti vya mbele havina miiba. Leo nimewaletea mfano wa bastola. Najua mmeshtuka, mhubiri na bastola wapi na wapi? Tulieni. Mimi sina bastola, na mtu nitakayemsema hana jina, basi baada ya ibada msije mkasimama pale nje mkiulizana ni fulani au ni fulani. Nimemtunga mwenyewe jana mchana, nikiwa nachambua mchele.

Palikuwa na muuza mbao katika mji mmoja wa bara, mtu mzima, mwenye duka lake na pikapu yake. Mwaka fulani majambazi wakamvamia dukani mchana kweupe. Wakamlaza kifudifudi juu ya vumbi la mbao, wakachukua walichokitaka, wakaenda zao. Hawakumwumiza hata kidole. Lakini aliposimama akajikung'uta, hakuwa tena mtu yule. Akaomba leseni ya silaha, akachunguzwa, akapewa, akanunua bastola ndogo ya kufichwa kiunoni chini ya shati.

Tangu siku hiyo akawa anamshuku kila mwenye pumzi. Mteja akiuliza bei mara mbili, anamshuku. Jirani akimsalimia alfajiri, anajiuliza, huyu ameamkia nini? Kanisani alikaa kiti cha mwisho, mgongo ukutani, na wakati wa maombi alifumba jicho moja. Mnacheka? Kuna watu humu nimewaona leo hii hii, tena mimi nilikuwa nimefumba yote mawili nusu.

Sasa, leseni ile ilikuwa na masharti. Kila mwaka mwenye silaha alitakiwa aende kwenye uwanja wa shabaha, apige risasi mbele ya msimamizi, aonyeshe kwamba anajua kuitunza na kuiogopa. Akishindwa, silaha inabaki pale pale na yeye anarudi nyumbani mikono mitupu. Na bwana huyu alikwisha kujiambia moyoni: siku nitakayotembea bila bastola hii, siku hiyo ndiyo ya kufa kwangu. Basi asubuhi ya mtihani alitoka nyumbani na hofu mbili, ya majambazi na ya msimamizi.

Akafika uwanjani, akaegesha pikapu. Kabla hajashuka, gari jingine likaja likasimama ubavuni mwake. Uwanja mzima ule, na nafasi zote zile! Akashuka mwanamume mmoja mwembamba, mwenye koti la kijivu.

"Habari za asubuhi, mzee," akasema yule wa koti. "Wewe si ndiye wa mbao, pale karibu na stendi?"

Moyo wa muuza mbao ukapiga paa! "Umenijuaje?"

Yule akacheka, akanyoosha kidole kwenye mlango wa pikapu. Jina la duka lilikuwa limechorwa pale kwa rangi nyekundu, herufi kubwa kama mikate, na namba ya simu chini yake. Je, muuza mbao alitulia? Hakutulia. Aliona kwamba huyu mtu ana jibu la haraka mno.

Wakaanza kutembea kuelekea mezani. Hatua chache tu, wa koti akamwinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, samahani, shati lako limepanda. Kinaonekana."

Ni adabu ya watu wanaobeba silaha, ndugu zangu. Cha kufichwa hufichwa, na mwenzako akikiona hukwambia polepole, hakutangazi. Muuza mbao akalishusha shati bila kusema ahsante. Moyoni akasema, kumbe amekwisha kujua ninaiweka upande gani. Tangu hapo hakumwondolea macho.

Msimamizi wa uwanja alikuwa mama mmoja mnene, sajini mstaafu, filimbi shingoni. Kila mtu alimwita Afande. Akawapanga watu wanane kwenye meza nane mbele ya kilima kilichochongwa, na mnajua wa koti alipangwa wapi? Meza ya kushoto kwa muuza mbao, bega kwa bega.

"Sheria ni zile zile," Afande akasema. "Bastola haitoki kiunoni mpaka uwe mezani kwako. Mdomo wake unatazama kilima, hautazami mtu, hata awe mtu unayemchukia. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka niseme. Nikipuliza filimbi, unatoa magazini, kile kikasha cha risasi, unavuta kichwa cha bastola nyuma mpaka tundu la ndani linapokaa risasi lionekane, unaiacha wazi mezani, unarudi nyuma ya mstari mwekundu. Halafu jirani yako anakuja kuangalia. Anaangalia kwa macho tu, mikono mgongoni. Akiona hamna risasi anasema 'tupu'. Hakuna mtu anayejisemea yake. Na mpaka majirani wote waseme tupu, hakuna anayekwenda mbele kutazama shabaha."

"Kwa nini nisijisemee yangu?" akauliza muuza mbao. "Si mimi mwenye bastola?"

"Ndiyo maana," Afande akajibu, akaendelea na kazi yake.

Kisha akauliza swali. "Yupo aliyekuja na risasi ndani ya tundu? Asione haya. Aseme tuitoe sasa hivi."

Mama mmoja mwenye duka la dawa akanyoosha mkono. Afande akaenda mezani kwake, wakaitoa, hakuna aliyemcheka. Muuza mbao naye alikuwa nayo. Kila asubuhi alitia risasi moja tunduni, ikakaa tayari, maana aliamini jambazi hatamngoja avute kitu nyuma. Lakini atasemaje mbele ya huyu wa koti? Atangaze siri ya ulinzi wake aisikie? Akatazama kilima, akanyamaza kimya.

"Tieni risasi tano kwenye magazini," Afande akasema. "Tano, si sita. Mtapiga tano."

Wakatia. Wakangoja. Akaamuru, wakapiga. Na muuza mbao alipiga vizuri, nisimnyime haki yake. Alihesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, nne, tano. Filimbi ikalia. Akachomoa magazini, akaitazama, haina kitu hata kidogo. Akailaza bastola mezani vile vile ilivyo, bila kuvuta chochote nyuma, akarudi mstarini roho imetulia. Leseni ameipata.

Wa koti akaja, mikono mgongoni, akainama juu ya meza. Akakaa hivyo kitambo. Akainuka.

"Afande," akasema, "sijaona."

"Hujaona nini?" muuza mbao akadakia. "Magazini hiyo hapo! Ni tupu!"

"Magazini nimeiona, mzee. Tundu sijaliona. Halijafunguliwa."

Watu sita wengine walikuwa wamekwisha kuangaliana, wamesimama mstarini wanangoja kwenda mbele. Jua limeanza kuchoma. Wa duka la dawa akajipepea kwa karatasi.

"Afande, huyu mtu ananifuata tangu kule nje!" muuza mbao akapaza sauti. "Ameuliza duka langu, amechungulia kiuno changu, sasa anataka kuchungulia ndani ya bastola yangu. Anatafuta nini kwangu? Kwani mimi mwongo?"

"Hakuna aliyekuita mwongo," Afande akasema. "Jirani yako amesema hajaona. Vuta nyuma aone."

"Nimehesabu tano!"

"Vuta, mzee wangu. Taratibu, mdomo kwenye kilima."

Akavuta, kwa hasira ya mtu anayefungua mfuko kuonyesha kwamba hakuiba. Na risasi ikaruka kutoka tunduni, nzima, inang'aa, ikaanguka sakafuni ikabiringika mpaka mguuni kwa Afande.

Hesabuni nami, wale mnaopenda hesabu. Alitia tano mezani, na moja alitoka nayo nyumbani. Ile ya kwanza kulia ndiyo ya nyumbani. Amepiga tano, imebaki ngapi? Mtoto wa darasa la pili anajua. Lakini aliyekuwa akihesabu alisahau kuhesabu ile aliyoificha.

Na neno la kwanza lililomtoka kinywani lilikuwa lipi? "Samahani"? "Mungu wangu"? Hapana. Alimnyooshea kidole yule wa koti, akapiga kelele, "Ameitia yeye! Nilijua! Ameitia yeye!"

Wote wakamgeukia wa koti. Alikuwa amesimama pale pale, hajasogea hata hatua, na mikono yake yote miwili bado iko mgongoni, ameifumbata. Watu sita walikuwa wameiona muda wote.

Afande akaokota risasi. Hakufoka. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko wakati wote.

"Mzee wangu, ukitoka hapa leo ungefanya nini na bastola hii?"

"Ningeisafisha," akajibu. "Ikitoka shabaha husafishwa siku hiyo hiyo."

"Ya aina hii haifunguki mpaka kwanza ubonyeze kifyatulio. Siyo?"

"Ndiyo, Afande. Najua. Ningebonyeza."

"Unasafishia wapi?"

"Nyumbani. Mezani, sebuleni."

"Na mdomo wake unaelekea wapi?"

"Mlangoni."

"Kwa nini mlangoni?"

"Huwezi jua nani ataingia," akasema muuza mbao, na sauti ikaanza kumpungua. "Bastola ikiwa vipande vipande sina ulinzi. Kwa hiyo namweka..." Akakoma.

"Unamweka nani?"

"Mke wangu. Namkalisha pale mlangoni kila mwaka, anitazamie njia."

Akaketi sakafuni pale pale, mtu mzima mwenye duka, akafunika uso kwa mikono inayonuka baruti. Wa koti ndipo alipoitoa mikono yake mgongoni. Akapiga magoti, akamshika bega.

Ndugu zangu, bastola ilibaki kwa Afande siku ile. Alitembea mpaka kwenye pikapu bila kitu kiunoni, na hakufa. Alikwenda nyumbani kwa mke aliye hai. Lakini mimi sikuja hapa kuhubiri habari za leseni.

Nakuja kwetu sisi. Muuza mbao alimshuku mteja, akamshuku jirani, akamwogopa Afande, akamshuku mtu aliyemwambia afunike kiuno chake. Katika mji mzima kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye hakumshuku hata siku moja. Mnamjua. Na ndiye aliyekuwa na risasi.

Sisi je? Tunaingia humu kila Jumapili na moja ndani ya tundu. Neno alilokwambia shemeji yako kwenye msiba, umelitia tayari, linangoja. Kuna mtu humu amehama benchi kwa sababu ya kisogo cha mtu mwingine. Kuna wazee wawili wa kanisa hili wanaopokea sadaka pamoja, na miezi minne hawajasalimiana. Msinitazame hivyo, nami nina macho. Nikiuliza hapa mbele, "Yupo mwenye kitu moyoni?", mnatazama dari. Mkikutana nami nje, habari gani? "Salama mchungaji, Bwana asifiwe." Tupu. Kila mtu anajisemea yake.

Na yule anayethubutu kukwambia "sijaona", tunamfanyaje? Mkeo anakwambia, "Baba, siku hizi umekuwa mkali, una nini?" Unamjibu, "Wewe ndiye unayenifanya niwe mkali." Ameitia yeye! Rafiki anakuuliza kwa upole mbona humtaji ndugu yako siku hizi, nawe unaanza kujiuliza huyu ametumwa na nani. Mimi mwenyewe, mhubiri wenu, mwaka jana kuna mzee alinijia ofisini akaniambia mahubiri yangu yamekuwa na uchungu. Nilimshuku majuma sita. Majuma sita, ndugu zangu, kabla sijavuta nyuma nikaangalia. Ilikuwemo.

Hatutaumia sisi tunaoibeba, hilo ndilo linaloniogopesha. Anayeumia ni yule tuliyemkalisha mlangoni atutazamie njia, kwa sababu anatupenda.

Mmezoea wahubiri wakiwaambia, "Geuka, mwambie jirani yako hivi na hivi." Leo sina neno la kumwambia. Geuka, umtazame usoni, unyamaze, umwache aangalie. Na asiposema tupu, usikasirike.